Mume Huya na Kisanduku

Kiambishi cha Kiswahili hakijui mume wala mke. Ali alikuja, Amina alikuja. Anayesikia kitenzi peke yake hawezi kujua ni nani aliyeingia mlangoni. Lakini lugha hiyo hiyo ikifika kwenye ndoa hugeuza uso: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mmoja mtenda, mwenzake mtendwa. Mtu akiishia hapo atadhani amekwisha kuielewa ndoa ya Waswahili, na wengi huishia hapo hapo.

Aje Lamu siku ya harusi atazame nani anayebeba mzigo. Mkomani, mtaa wa nyumba kongwe za mawe, anayeolewa kwa desturi hahami. Anayehama ni anayeoa. Usiku wa kuingia nyumbani, bwana harusi husindikizwa na wenzake kwa nyimbo hadi mlango wa mkewe. Humo atakaa fungate, na fungate ikisha hubaki humo humo. Kwingi katika Kenya mwanamume anayeishi kwa wakwe hutaniwa mpaka akome. Kwetu yeye ndiye mume wa kawaida.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na neno lake kwa wajukuu wa kike: "Mwanangu, mume huya na kisanduku, na akitoka hutoka na kisanduku." (Huya ni Kiamu, maana yake huja.) Hakuwa akimdharau mtu. Alikaa na babu miaka mingi, akimpakulia kabla ya yeyote, akimtaja kwa heshima hata asipokuwapo. Lakini nyumba ilikuwa ya bibi, aliipewa na baba yake, na babu alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

Ndiyo maana mimi hushindwa kujibu kwa neno moja watu wanaponiuliza kama mwanamke wa Lamu yuko juu au chini. Swali lenyewe linataka ngazi moja, na hapa ngazi ni kadhaa.

Tuanze na nyumba, kwa sababu ndani yake yamejengwa mambo ambayo watu hawayasemi kwa mdomo. Nyumba ya kale ya Lamu ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake boriti za mikoko. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa boriti haifiki mbali. Upana wa chumba ni urefu wa mti. Ukitoka njiani unakutana na daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili mbele ya mlango. Ukipita mlango, tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, nayo imekatwa kwa kona ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, uwanja usio na paa. Kisha msana wa tini na msana wa yuu, yaani ukumbi wa chini na ukumbi wa juu, halafu chumba kiitwacho ndani, na kila hatua sakafu inapanda kidogo. Ndani ndiko kwenye zidaka, ule ukuta wa vishubaka vya chokaa ambao watalii huupiga picha. Nyuma kabisa ni nyumba ya kati, chumba ambamo wanawake wa zamani walijifungulia na maiti ilioshwa.

Kadiri unavyozidi kuingia, ndivyo ruhusa ya mwanamume inavyopungua. Mfanyabiashara huishia daka. Mgeni wa mume hupewa sabule, chumba cha wageni kisichomlazimu kupita kwa wenyewe. Ndani huingia mume, baba, ndugu, mtoto. Na hata mume huingia kwa saa zake.

Nakumbuka alasiri moja, nikiwa na miaka saba au minane. Bibi alikuwa na wageni, wanawake sita hivi, mabuibui yametundikwa, kahawa na tangawizi zinanukia, mmoja anasukwa, mwingine anapunga hewa kwa kipepeo. Babu alirudi kutoka baraza la msikitini. Aliviona viatu vya kike tekani, akasimama. Akakohoa mara tatu. Hakuna aliyemjibu. Akasema hodi, nyumbani anakolala kila siku, na sauti ya bibi ikatoka ndani: "Kuna watu." Alikuwa amesahau miwani yake. Nilitumwa mimi kumpelekea, nikamkuta ameketi daka na kitabu mapajani, anapiga chafya kwa vumbi la punda. Akaitazama miwani kwanza, akaifuta kwa kanzu, akavaa. Hakuingia mpaka maghribi.

Juu ya njia, katika mitaa ya zamani, kuna kitu kinaitwa wikio: daraja la chumba linalounganisha nyumba mbili zinazotazamana. Nyumba hizo mara nyingi zilikuwa za ndugu wa kike, au za mama na binti, kwa sababu baba mwenye uwezo alimjengea binti pembeni ya mama yake, na pakikosa kiwanja alijenga hata juu ya njia. Wanawake walipita kutoka ghorofa hadi ghorofa bila kugusa ardhi wanakopita wanaume. Chini mwanamume alidhani njia ni yake, na juu ya kichwa chake mji mwingine ulikuwa ukitembeleana.

Wageni wengi waliotembelea pwani yetu waliyaona haya kutoka nje, wakaandika kwamba wanawake wamefungiwa. Waswahili tuna jibu la zamani: nyumba njema si mlango. Lakini na sisi wenyewe tusijidanganye kwa methali. Kutawa, yaani kukaa ndani kwa stara, kulikuwa na gharama, na aliyelipa hakuwa mume. Msichana alipovunja ungo alifungiwa mpaka aolewe. Bibi alisoma chuo cha Kurani, akahitimu, aliweza kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Shule ya serikali hakuiona. Kwa hiyo hati ya nyumba, ile karatasi iliyosema kwa Kiingereza kwamba nyumba ni yake, hakuweza kuisoma. Aliiweka katika kasha chini ya leso, na kila ilipohitajika ilimbidi kumwita mwanamume aje amsomee mali yake.

Kuna jambo jingine ambalo tukisema "utamaduni wa Lamu" huwa tunaliruka. Huo ninaousimulia ni utamaduni wa waungwana, watu huru wenye nasaba. Kutawa kulihitaji mtu wa kuteka maji, wa kwenda sokoni, wa kulima shamba, na mtu huyo naye alikuwa mwanamke: mtumwa. Yeye hakutawishwa. Wanawake wa Langoni, kwenye nyumba za udongo na makuti, walitoka kutafuta. Wa Matondoni na Kipungani walisuka mikeka na kuiuza. Hakuna aliyewauliza kama desturi inawaruhusu kuonekana.

Mwanamke wa kiungwana alipolazimika kutoka alitembea ndani ya shiraa, hema ya kitambaa iliyoshikwa kwa miti na watumwa pande zote, yeye katikati haonekani. Shiraa kwa Kiarabu ni tanga la chombo, na naona aliyelipa vazi hilo jina hili alikuwa amekaa ufuoni akitazama. Basi mwaka 1907 utumwa ukapoteza uhalali wake katika mwambao wa Kenya. Shiraa haiwezi kutembea bila wa kuibeba. Miaka iliyofuata liliingia buibui, na leo kijana yeyote atakuapia kwamba buibui lipo tangu kale na tangu kale.

Tazama lilichofanya. Kwanza, mwanamke akaweza kutembea peke yake, kwa miguu yake, bila msafara. Pili, waliokuwa watumwa nao wakalivaa. Nguo nyeusi ikafunika mwili, na pamoja na mwili ikafunika nasaba: njiani huwezi tena kujua huyu mamake alikuwa nani. Vazi ambalo leo hubishaniwa kama alama ya kumfunika mwanamke, kwa wanawake wale lilikuwa ruhusa ya kutoka na usawa mbele ya mwanamke mwenzao. Sisemi kwamba hiyo ndiyo maana yake leo. Nguo hubeba maana ya wakati wake.

Sasa kwenye mirathi, ambako ndiko fundo lilipo hasa.

Sheria ya Kiislamu, kama ilivyo katika Sura ya Nne ya Kurani, humpa mtoto wa kiume fungu la watoto wawili wa kike, na mjane hupata thumuni mume akiwa ameacha watoto, robo akiwa hakuacha. Chukua mtu amekufa akaacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja, na mali yake yote ni nyumba ya thamani ya shilingi 4,000,000. Mke anapata 500,000. Kila kijana anapata 1,400,000. Binti anapata 700,000. Wasomi wa dini wataeleza, na hoja ina uzito, kwamba kijana huyo ana wajibu wa kulisha mke na watoto na hata dada yake, na binti hana wajibu wa kumlisha mtu. Chake ni chake. Hiyo ni hesabu ya shilingi. Lakini nyumba haikatiki kama shilingi. Binti mwenye fungu dogo ndiye huambiwa apokee pesa na aondoke, na pesa zenyewe huja kwa kandarinya, tone baada ya tone.

Wazee wa Lamu walilijua hilo, na ujanja wao, kwa maoni yangu, ni wa kupendeza kuliko maukuta yote ya zidaka. Hawakuigusa sheria ya mirathi. Walitumia mlango mwingine wa sheria hiyo hiyo: hiba. Mirathi hugawa kile tu ambacho marehemu alikuwa nacho alipokufa. Mtu akiwa hai na mzima anaweza kutoa mali yake zawadi. Kwa hiyo baba alimpa binti nyumba alipoolewa, wana wa kiume wakaachiwa shamba, chombo, biashara au nasaha, na siku ya kufa nyumba haikuwamo katika hesabu. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu, hupendelea wazazi wawape watoto sawasawa, na huchukia upendeleo usio na sababu, lakini hiba yenyewe ikitimia husimama. Na sababu ilikuwapo: mwana wa kiume ataoa, atapata nyumba kwa mkewe. Atalala wapi? Kwa binti wa mtu mwingine aliyefikiri vivyo hivyo.

Ukiona hivyo, utaelewa kwamba mume kuhamia kwa mkewe na binti kupewa nyumba ni jambo moja lenye pande mbili. Ukiondoa upande mmoja, wa pili unaanguka. Na utaelewa ilikuwaje talaka Lamu haikumtupa mwanamke njiani. Mume akitamka, anayefunga kisanduku ni yeye. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi katika kitanda chake, na ikiisha hakuna shemeji wa kuja kuhesabu milango.

Lakini hiba ina masharti, na humo ndimo wanawake wengi huanguka. Lazima mtoaji atamke kutoa, mpokeaji akubali, na kitu kikabidhiwe. Hapo kwenye kukabidhi! Baba anasema mbele ya watu, "Nyumba hii ni ya binti yangu," kisha anaendelea kukaa humo, kukodisha chumba cha chini na kutia kodi mfukoni kwa miaka 20. Akifa, kaka husimama na kusema baba hakukabidhi kamwe, na kisheria si upuuzi anaosema. Ikiwa baba alitoa hiba akiwa katika maradhi yaliyomuua, huhesabiwa kama wasia, na wasia kwa mrithi haufai bila ridhaa ya warithi wengine. Zaidi ya hayo, serikali inataka maandishi na usajili. Neno la daka, hata lisikiwe na watu kumi, halimo katika daftari la ardhi, na wale kumi nao wanakufa.

Wasomaji wa Nairobi huuliza hapa, "Na Katiba?" Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inasema wanawake na wanaume wana haki sawa. Kifungu cha 45 kinasema wanandoa wana haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa na inapovunjika. Lakini kifungu cha 24 kinaacha nafasi: masharti ya usawa yanaweza kupunguzwa, kwa kiasi kinachohitajika kabisa, ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya mahakama za kadhi kwa Waislamu katika hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi. Na kifungu cha 170 kinasema kadhi atasikiliza kesi ikiwa wahusika wote ni Waislamu na wote wameridhia mamlaka ya mahakama yake. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Sheria ya Urithi ilikuwa imerekebishwa ili mali ya Mwislamu aliyekufa igawanywe kwa sheria ya dini yake.

Kwa lugha ya sokoni: nchi imesema watu ni sawa, kisha ikasema Waislamu katika mambo haya manne wana njia yao, kisha ikasema kwenda kwa kadhi ni kwa kuridhia. Neno "kuridhia" ndilo gumu. Binti anayekataa kwenda kwa kadhi ili atafute mahakama nyingine, kesho atakaa kikao gani cha harusi? Karatasi inampa hiari, na mtaa unamwambia bei yake.

Hata hivyo, mahakama ya kadhi si ile wanayoidhania walio nje. Mwanaanthropolojia Mmarekani Susan Hirsch alifanya utafiti katika mahakama za kadhi za Malindi na Mombasa miaka ya 1980, akachapisha kitabu chake mwaka 1998. Alichokikuta ni kwamba wanaofungua kesi wengi ni wanawake, na mara nyingi hushinda. Mume ana neno moja zito, talaka, na hulitamka. Mke hutarajiwa kuvumilia na kufunika aibu ya nyumba. Akifika mbele ya kadhi, ule uvumilivu wake ndio unaogeuka ushahidi: anasimulia, siku baada ya siku, nani alileta unga na nani hakuleta. Aliyefundishwa kunyamaza hupewa mahali pa kusema kwa sababu alinyamaza vya kutosha. Mimi nimekaa kwenye ukumbi wa namna hiyo nikimsindikiza jamaa, na naweza kusema karani alichoka kuandika kabla yeye hajachoka kueleza.

Hapa kila mtu humleta Mwana Kupona. Utenzi alioutunga mwaka 1858 kwa binti yake Mwana Hashima hunukuliwa harusini kana kwamba ni fatwa: mtafutie mumeo radhi, umtunze, umwandae. Ni kweli anamtaka binti apate radhi za watano, Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Wanaonukuu husahau alikuwa nani. Alikuwa mjane, mgonjwa, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu, aliyepigana na sultani wa Zanzibar, na alikuwa akimwachia binti silaha pekee zilizokuwapo katika ulimwengu ule. Tena mwanamke aliyekaa ndani ndiye ambaye kalamu yake ilitoka nje na kupita karne.

Leo ngazi zinahama tena, na si zote kwenda upande mmoja. Wasichana wanasoma, wanafanya kazi kaunti, hospitalini, bandarini, wanapanda boti za asubuhi kwenda Mokowe. Mwaka 2022 wapiga kura wa Lamu Mashariki, eneo la wavuvi na wazee wa baraza, walimchagua Ruweida Obo kuwa mbunge wao, kwa kiti cha eneo bunge, kile kinachogombaniwa na wanaume. Mwaka huo huo Umra Omar, anayejulikana kwa kupeleka matibabu kwa mashua hadi vijiji vya mbali, aligombea ugavana. Hakushinda, ila jina lake lilikuwa kwenye karatasi, na bibi zetu walilisoma. Walioweza kusoma.

Ila nyumba zinatoka. Baada ya mji kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na hata kabla yake, nyumba za mawe zilianza kuwa na bei ambayo familia haikuwahi kuiota, na wageni walinunua nyingi, Shela kwanza, kisha mjini. Nyumba ya bibi mmoja yenye warithi kumi na wanane haikaliki na haikarabatiki. Ikija ofa ya dola, hesabu ya mafungu hufanyika siku hiyo hiyo. Baba wa leo hana boriti wala kiwanja cha kumpa binti. Vijana wanapanga mitaa ya Wiyoni au Kandahari, vyumba viwili na choo. Anayelipa kodi mara nyingi ni mume, na anayelipa kodi huitwa mwenye nyumba. Mke huyu mpya ana shahada na simu na mshahara, na akitalikiwa ndiye anayetafuta pa kwenda. Bibi yake, asiyejua kusoma hati, hakuwahi kujiuliza swali hilo.

Binamu yangu aliolewa mwaka juzi. Harusi ilikuwa nzuri, vikuba vya asumini vilinukia mpaka njiani. Usiku wa kuingia nyumbani tulisimama sote nje ya nyumba ya kupanga, funguo zikiwa mfukoni mwa bwana harusi, na nikaona mjomba anateremsha kutoka kwa punda sanduku kubwa la plastiki, la buluu, lenye magurudumu. Lilikuwa la bibi harusi.

Mwezi uliopita alinipigia simu, akaongea kwa sauti ya chini, akitaka kujua wakili hutoza kiasi gani kuandika hiba. Baba yake ana kiwanja kidogo nyuma ya mji. Baba amekubali. Ndugu zake wa kiume wanne bado hawajaambiwa.